Homuwaki ya mtoto, nani aulizwe?

SWALI: Habari mwalimu, mimi ni mama wa watoto wawili hapa Mombasa, huyu wa gredi ya 4 kila siku ana homuwaki, mara printi picha, mara tafuta maboksi, na nisiposaini daftari anasimamishwa mbele ya wenzake. Kazini natoka saa mbili usiku jamani. Ni haki kweli?

JIBU: Pole sana mama. CBC, yaani mtaala wa umilisi wa shule za Kenya, tangu majaribio ya 2017 inataka mzazi ashiriki, na mimi naunga mkono, ila kushiriki sio kumchorea mtoto usiku wa manane huku yeye amelala, hapo mwalimu anasahihisha kazi yako wewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inambana mzazi asiyempeleka mtoto shule, faini mpaka shilingi 100,000 au jela mwaka mmoja au vyote viwili, lakini hiyo sio adhabu ya kukosa saini. Na sheria hiyohiyo inakataza kumdhalilisha mwanafunzi, hata kisaikolojia, kwa hiyo kumsimamisha mtoto kwa kosa la mama mimi siikubali hata kidogo!

Nenda shule, ongea na mwalimu wa darasa kwa upole, mweleze saa zako, muombe kazi za vifaa zitolewe Ijumaa ili mzifanye wikendi. Katikati ya wiki hata dakika 10 zatosha, muulize mtoto leo mmesoma nini, pitia daftari, saini. Akikataa kukusikiliza peleka kwa mwalimu mkuu au wawakilishi wa wazazi.