Tairi za zamani ziwani? Hapana mkuu
Mkuu umeuliza tukizamisha tairi chakavu huku kwetu Mwanza kama matumbawe ya bandia ya baharini, samaki sato watarudi? Tairi hapana aisee. Florida walijaribu miaka ya 1970, wakamwaga kama milioni 2, kamba zilizoyafunga zikakatika, dhoruba zikayazungusha hadi yakaenda kugonga matumbawe ya asili, mwaka 2007 wazamiaji wa jeshi wakaanza kuyatoa. Wanaopatia hutumia mawe au zege zito lenye matundu, mwani unashika, vidagaa wanajificha humo.

Sasa ziwani hakuna matumbawe ila mawe tunayo bwana, chungulia tu pale kwenye miamba maji yakitulia utaona furu, samaki wadogo wa ziwa letu, wanachomoka kwenye nyufa wanadonoa ule ukijani wa jiwe, hao furu sangara anayewala hawafikii kirahisi, ndo maana furu wa mawe walipona wakati wa maji ya wazi wakiisha. Lakini sato dume anachimba kiota chake mchangani kwenye kina kifupi, kokoro (wavu wa kuburuta) likipita limefagia vyote, hapo hata uzamishe zege la daraja zima ni bure. Anzeni kuzuia kokoro kwanza.