Utakula nini na hiyo historia?

Wadogo zangu mnaoanza historia hapa Lubumbashi, swali hilo mtaulizwa nyumbani kila likizo. Wengi hujibu, "Nitafundisha." Ualimu ni kazi ya heshima, lakini mshahara wake mnaujua, na mji huu una kazi nyingine zinazomhitaji mtu aliyefunzwa kuhoji wazee na kusoma makaratasi ya zamani.

Kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, iko migodini. Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni iandikiane ahadi na wakazi na itenge asilimia isiyopungua 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Basi lazima mtu aende kijijini kuuliza: nani alitangulia kufika, mashamba haya ni ya ukoo gani, makaburi yako wapi? Mhandisi ana ramani yake. Wewe utaketi na mzee, umwache aanzie anapotaka, kisha umwombe akupeleke kwenye miembe iliyosimama porini pasipo nyumba. Mara nyingi hapo palikuwa kijiji kabla watu hawajahama. Ukishaandika maneno yake, waulize ukoo wa jirani, ambao pengine watakana kila kitu. Uhakiki wa vyanzo, somo linalowachosha mwaka wa kwanza, kazi yake ndiyo hiyo.

Halafu kuna nyaraka, makumbusho na sanaa. Union Minière, kampuni ya madini ya enzi za Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906, na Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, zimeacha makaratasi na picha nyingi za wafanyakazi na kambi zao. Msanii wa picha Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, aliunganisha picha za namna hiyo na picha za viwanda vilivyochakaa, na kazi zake zimefika Ulaya. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi nao ulikusanya kumbukumbu za wakazi wa kawaida. Kazi za aina hii zinahitaji mtafiti, ingawa malipo huja kwa mkataba mfupi, si kila mwezi.

Uandishi wa habari na mashirika pia yapo. Jifunzeni Kiingereza mapema, maana mikataba mingi inakitaka.

Na msingoje diploma. Mwaka huu huu mwombe ruhusa mzee mmoja wa Kamalondo au Katuba, mrekodi, andika maneno yake yote, weka tarehe na mahali. Siku ya kuomba kazi, mwonyeshe mwajiri daftari hilo.