Noti chafu na kipindupindu: jibu kwa dada muuza chapati wa Mwanjelwa

Dada, umeuliza kama hela chafu za wateja zinaweza kukuletea kipindupindu. Vijidudu zinabeba, ndiyo: mwaka 2008 watafiti wa Uswisi waliona virusi vya mafua vikichanganyika na kamasi vinadumu kwenye noti hadi siku 17. Ila mwenye kesi ni mkono unaotoka kwenye noti kwenda mdomoni. Kipindupindu hasa huja na maji na chakula.

Nilipouza chapati, mdogo wangu alishika hela, mimi nikashika koleo. Ukiwa peke yako, weka ndoo ya koki na sabuni, nawa sekunde 20, hata asubuhi za baridi ya Mbeya. Na kulamba kidole ukihesabu noti, acha kabisa!

Ukiharisha majimaji kama maji ya mchele, anza kunywa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji safi) huku unakwenda zahanati. Usingoje kukuche.