Ndama wa jana: ana njaa au ana kiu?

SWALI: Katika makala ya ufugaji niliandika kwamba "ndama aliyezaliwa jana ana kiu kikali cha maziwa." Mhariri alifuta "kiu" akaweka "njaa," kwa hoja kwamba maziwa ni chakula. Mimi naona kwamba maziwa hunywewa, kwa hiyo anayeyataka ana kiu. Nani kati yetu yuko sahihi? – Msomaji, Njombe

JIBU: Ndugu msomaji, mhariri wako amekaribia usahihi zaidi yako, kwa sababu kitenzi "kunywa" hakitoshi kuamua jambo hili. Uji hunywewa, lakini mtu anayeutaka asubuhi husema ana njaa, hasemi ana kiu. Kiu, kwa maana yake ya msingi, ni haja ya maji, na tukiihusisha na kitu kingine, kama tunaposema "kiu ya elimu," tumekwisha kuingia katika sitiari, ambayo haina nafasi kubwa katika maelezo ya kitaalamu ya ufugaji.

Hata hivyo, ninyi wawili mmeliacha neno linalofaa kuliko yote. Ndama wa jana hali, wala hanywi: ananyonya. Lugha imempa kitenzi cha peke yake, na kwa maoni yangu imempa kwa haki, kwani hali ya mnyama mchanga haigawanyiki vizuri katika njaa na kiu tunazozijua sisi. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87, hivyo tendo moja la kunyonya humtimizia haja zote mbili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1977, W. G. Hall na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba vitoto vya panya wenye umri wa chini ya siku 10 hivi hushika chuchu upesi vilevile, wawe wamenyimwa maziwa kwa muda mrefu au wametoka kunyonya sasa hivi. Ni baadaye tu, wanapokaribia kuachishwa, ndipo aliyekaa na njaa huonekana kuwa na haraka kuliko aliyeshiba. Kwa mnyama wa umri huo wa mwanzo, ni salama kuandika "anatafuta ziwa" au "anataka kunyonya," maana hayo ndiyo yanayoonekana kwa macho.

Kitenzi hubadilika pale ndama anapotengwa na mama yake. Mfugaji humtia vidole viwili mdomoni, ndama akaanza kuvinyonya, kisha humshusha kichwa taratibu mpaka mdomo uguse maziwa ndani ya ndoo, na baada ya muda huvitoa vidole. Kuanzia hapo ndama anakunywa maziwa, na mfugaji anamnywesha. Lakini hata akiwa kwenye ndoo, akiyalilia maziwa tunasema ana njaa. Kiu tumwekee anapotaka maji yenyewe, kwa mfano anapohara na mwili wake kupungukiwa na maji.

Kifaranga ni habari nyingine, kwa sababu hanyonyi kabisa. Anaanguliwa na akiba ya kiini cha yai inayoweza kumtunza kwa siku mbili tatu, na kwake kula na kunywa ni matendo mawili tangu mwanzo. Ajabu ni kwamba maji hayatambui kwa kuyaona tu: anaweza kusimama ndani yake bila kunywa, mpaka adonoe kitu na mdomo wake ulowe, ndipo huinua kichwa na kumeza. Ndiyo maana wafugaji huwachovya vifaranga midomo majini wanapowapokea. Huyu unaweza kusema ana kiu bila wasiwasi wowote.

Ningeiandika sentensi yako hivi: "Ndama aliyezaliwa jana anataka kunyonya mara kwa mara." Ukipenda kutaja njaa, andika "ameshikwa na njaa" au "anaona njaa," ambazo ni kauli za Kiswahili zilizozoeleka kuliko "anahisi njaa" inayoenea siku hizi katika makala zilizotafsiriwa. Jihadhari pia usiandike kwamba ng'ombe "ananyonya ndama wake," kosa ninalokutana nalo mara nyingi: ng'ombe hunyonyesha, ndama hunyonya.

Mwisho, "kiu" haimo katika ngeli ya ki-vi ingawa inaanza na ki-. Tunasema kiu kali, kiu yangu, kiu ya maji.