Jibu: Oveni inaunguza keki na kioo kinaonyesha 180

Habari yako dada. Kama nimekuelewa, umeitegea oveni ya umeme nyuzi 180, kioo cha namba kinasema 180, lakini keki inaungua juu na katikati bado ujiuji. Yangu ilinifanyia hivyohivyo. Nikamaliza wiki nzima nalaumu unga.

Anza kwa kukagua mpira unaoziba mlango, usije ukanunua sensa (kipima joto cha oveni) bure. Kama mpira ni mzima, chomoa oveni kwenye umeme na uiache ipoe kabisa. Sensa ni kijiti chembamba cha chuma, kama penseli, ukutani nyuma ndani ya oveni. Fungua skrubu, ivute taratibu, na ushike waya usirudi ndani. Mimi ulinichomoka, ikabidi niitoe oveni yote kabatini.

Pima kwa multimita (kile kifaa cha mafundi cha kupimia umeme) upande wa ohm, yaani ukinzani. Oveni nyingi za kioo cha namba hutumia sensa ya Pt1000, yaani ya platini inayosoma ohm 1,000 kwenye nyuzi sifuri: kwenye joto la nyuzi 25 inasoma karibu 1,100. Kisha chovya ncha tu kwenye maji yanayochemka: Mombasa utapata kama 1,385, Nairobi karibu 1,365 kwa sababu maji huchemka mapema. (Kama yako ni aina ya Pt500, namba ni nusu ya hizo.) Yangu ilisoma 980 ikiwa baridi, yaani oveni iliamini jikoni kuna barafu, ikazidi kuchochea moto.

Utikise waya pia ukiwa unapima. Namba zikirukaruka, ni kiungio cha waya. Namba zote zikiwa sahihi, huenda tatizo liko kwenye bodi ya kielektroniki inayoendesha oveni, na hapo mimi sigusi, namwita fundi.