Simbilisi wetu wamehamia nje, hawali

SWALI: Tunafuga simbilisi wawili majike, vipenzi vya watoto. Tangu wakiwa wadogo wameishi jikoni. Fundi ametutengenezea banda la mbao, paa la bati, tukaliweka uani na kuwahamishia jana. Wamejibana kona moja, majani hawagusi, mtoto akiingiza mkono wanapiga kelele. Tuwaache wazoee?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Ndugu msomaji, kujibana kona siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Kutokula si kawaida. Tumbo la simbilisi linatakiwa kupitisha majani mchana na usiku. Akikaa bila kula nusu siku tu, utumbo hulegea, gesi hujaa, na anaweza kufa upesi. Warudisheni jikoni leo wale, kisha muanze upya polepole. Wakigoma kula hata huko jikoni, mwoneni daktari wa mifugo leo hii.

Simbilisi huijua nyumba yake kwa harufu na kwa vijia anavyopita kila siku. Nyie mmembadilishia vyote kwa mara moja, pamoja na mwanga na sauti. Safari hii beba matandiko ya jikoni yalivyo, bila kuyasafisha, uyachanganye na maranda mapya. Kila mmoja apate katoni yake ya kujificha, yenye milango miwili ili mwenzake asimzibie njia. Wapelekeni saa nne asubuhi, warudisheni saa nane mchana, na majani yawe yale yale waliyozoea. Mkiona wanakula wakiwa nje ya katoni, ongezeni muda. Kulala nje kuje mwisho kabisa.

Watoto wakae kando ya banda wakiwa na jani mkononi, wasubiri. Mkono unaoshuka kutoka juu, kwa simbilisi, ni mwewe.

Sasa banda lenyewe. Kwa wawili, sakafu isipungue sentimeta 120 kwa 60, na iwe ya mbao. Sakafu ya waya huchubua nyayo hadi zitunge usaha. Bati tupu huoka mchana na kupoza usiku, hivyo lipigiwe dari ya mbao au lilazwe nyasi nene juu, na banda likae kivulini. Simbilisi hustarehe kwenye nyuzijoto 18 hadi 24. Zikipita 28 anaweza kuzidiwa na joto. Kwa baridi ya Njombe ya Juni hadi Agosti, walale ndani tu. Miezi mingine wapeni nyasi kavu za kujifukia na kushusha gunia mbele ya banda usiku, mkiacha nafasi juu ya kupitisha hewa, kwa sababu mvuke wa mkojo huharibu mapafu.

Wavu wa kuku hauzuii mbwa, na panya na nyoka hupenya. Tumieni waya mgumu wa matundu ya nusu inchi, na komeo, si kamba. Adui anayesahaulika ni siafu: simamisheni kila mguu wa banda ndani ya kopo lenye oili chafu, na mfyeke majani yanayogusa banda, maana hayo ndiyo daraja lao.

Majani mabichi ya uani waanze na konzi moja, mkiongeza kwa wiki nzima. Yaliyorundikwa mpaka yakapata joto yatupwe, yanaleta gesi. Mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C, kwa hiyo kila mmoja ale robo ya pilipili hoho kwa siku. Wapimeni kwa mizani ya jikoni kila wiki. Uzito hushuka kabla dalili nyingine hazijaonekana. Na msiwape dawa za kuku wala penisilini ya kumeza. Huua bakteria wazuri wa tumboni, na simbilisi hufuata.

SWALI: Naweza kuwaweka simbilisi banda moja na sungura ili wapate joto?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Hapana. Teke la sungura huvunja mbavu za simbilisi, na sungura hubeba vijidudu vya mafua visivyomsumbua yeye ila humletea simbilisi nimonia. Chakula cha sungura cha dukani pia hakiongezwi vitamini C. Mpe simbilisi mwenzake, jike kwa jike, na nyasi kavu nyingi.