Hamisi, kabla hujalala chini ya leza

Hamisi mwanangu,

Salamu nyingi. Huku Tanga sote wazima. Juzi uliniuliza kwenye simu, "Mama, nataka nipigwe leza ya macho niachane na miwani, unaonaje?" Mtandao ukakatika, na afadhali ulikatika. Pale pale ningekujibu kwa woga wa mzazi, nikasahau miaka yote niliyoshinda kliniki ya macho nikiwatilia watu matone.

Haki yako nakupa. Dereva wa lori asiyeona mbali, namba ya miwani hasi 3.50, ikimdondoka usiku pale mlima Kitonga, amekwisha. Na leza si uchawi wala utapeli. Hupunguza konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, kidogo kidogo hadi picha itue inapotakiwa. Kazi yenyewe ni dakika chache kwa kila jicho, ganzi ni ya matone, na walio wengi huamka kesho yake wanasoma mabango.

Ila wewe nakujua tangu utotoni. Ulipokuwa darasa la tatu aleji ilikuandama, macho mekundu, unayafikicha kwa ngumi mpaka usiku nakuvisha soksi mikononi. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kuliko hiyo leza. Mtoto aliyefikicha macho namna ile anaweza kukua na konea dhaifu, inayochongoka mbele kama koni. Madaktari huiita keratokonasi. Ikiwa bado changa, ubao wa herufi hauioni. Huonekana kwenye mashine inayochora ramani ya konea na kupima unene wake. Konea nzima ina unene wa nusu milimita na ushei tu. Iliyo dhaifu ukiipunguza tena, huchongoka zaidi, na hapo miwani ya kawaida haikusaidii tena. Kwa hiyo kabla ya bei, waulize kama wana mashine hiyo. Kama hawana, chukua kofia yako uondoke.

Halafu kuna kazi yako. Baada ya leza macho hukauka, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ya konea imekatwa. Kwa wengi hupungua baada ya miezi kadhaa, wachache huishi na chupa ya matone mfukoni. Usiku wengine huona taa za magari zimezungukwa na duara la mwanga. Karani wa ofisini atalivumilia hilo. Wewe unayepishana na mabasi gizani, sijui. Waambie waziwazi kwamba unaendesha usiku, na waupime upana wa mboni yako gizani.

Leza iliyozoeleka kwanza hukata kifuniko chembamba juu ya konea, hukifunua, kisha hukirudisha. Wakikuona unafaa, uliza pia kuhusu njia isiyokata kifuniko hicho. Wanaiita PRK. Inauma siku kadhaa na kuona vizuri kunachelewa, labda wiki kadhaa usishike usukani, lakini hakuna kifuniko cha kuhama siku kamba ya turubai ikikuchapa usoni. Mimi ningechagua hiyo, ingawa kijana aliyekushawishi upigwe leza hakuitaja.

Hata ukipigwa leza, umri ukisogea miwani ya kusomea hutaikwepa. Mimi mbali nilikuwa naona vizuri, na nilipofika miaka 43 uzi ukaanza kuniponyoka kwenye tundu la sindano.

Kadi zako za miwani, ya kidato cha pili na ya cha nne, ninazo kabatini. Nitampa kondakta wa basi la Jumamosi. Zipeleke pamoja na ile ya mwaka jana, walinganishe. Kama namba bado inapanda, wasikuguse kwanza. Na siku ya kupimwa usiende na gari. Matone ya kupanua mboni yatakufanya uone ukungu na jua likuumize, kwa hiyo mchukue utingo wako akushike mkono.

Mama yako